TOCHI YA KUZAMIA ZIWANI: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia!

Kama kuna mji Bongo unaojua habari za taa, basi ni Mwanza. Hapa kwetu kuna mtaa mzima unaitwa Makoroboi, jina lililotokana na vile vibatari vya bati ambavyo mafundi wa vyuma chakavu walikuwa wakivitengeneza pale. Na usiku wa giza, ukisimama Capri Point ukatupa macho ziwani, utadhani kuna mji mwingine umeota juu ya maji. Ni wavuvi wa dagaa hao. Zamani walikuwa na karabai zao za mafuta ya taa, siku hizi wengi wamehamia kwenye taa za LED za betri na sola.

Lakini taa ya kukaa juu ya maji ni kitu kimoja, na taa ya kwenda nayo chini ya maji ni kitu kingine kabisa. Hapo ndipo vijana wa mjini wanapopigwa changa la macho mchana kweupe.

Nalizungumza hili kwa sababu mtindo umeingia. Kijana anakwenda Zanzibar likizo, anajifunza kuzamia na mtungi kule Nungwi, anapata cheti chake, anarudi Mwanza kifua mbele. Siku ya pili anaulizia: "Kwani hapa kwetu hatuzamii? Maji si haya?" Maji ndiyo haya, tena ni kilometa za mraba zipatazo 68,800, ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Tatizo ni kwamba yule bwana anadhani anakwenda kwenye maji yale yale aliyoyazoea. Hapana. Na kitu cha kwanza kitakachomwonyesha tofauti ni tochi aliyoishika mkononi.

ZIWA SIYO NUNGWI

Kule pwani mtu anazamia mchana bila tochi na anaona samaki aliye mita 15 mbele yake. Hata Ziwa Tanganyika kule Kigoma maji ni maangavu kiasi kwamba kutoka juu ya boti unaona mawe ya chini. Ziwa Victoria lina mambo yake. Kina chake si cha kutisha, kwani sehemu yenye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 hivi, lakini maji yamejaa mwani, udongo unaoletwa na mito na mvua, na uchafu wetu sisi wenyewe wa mjini.

Wataalamu wana njia rahisi sana ya kupima hali hiyo. Wanachukua kisahani, wanakifunga kamba, wanakishusha majini mpaka kipotee machoni, halafu wanapima ile kamba. Basi katika utafiti wa samaki uliochapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la Nature, kisiwa cha Luanso kilichoko ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza kilitoa kama nusu mita tu. Nusu mita! Yaani ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Kule nje, kisiwa cha Makobe, kisahani kilikwenda zaidi ya mita 2. Ukitoka ndani ya ghuba kwenda ziwa la wazi, maji yanabadilika kabisa. Kwa hiyo kabla hujauliza tochi ipi, jiulize kwanza unazamia wapi.

Na utafiti huo una utamu wake. Ulikuwa unawahusu furu, wale samaki wadogo wa mawe ambao bibi zetu walikuwa wanawakaanga. Kuna furu mmoja mwenye dume jekundu ambaye watafiti wa Kiholanzi walimpa jina la nyererei mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu. Ana ndugu yake ambaye dume lake ni la bluu. Yule mwekundu anapenda kukaa chini zaidi, wa bluu anakaa juu. Kwa nini? Kwa sababu katika maji yetu haya mwanga wa bluu unamezwa mapema, na unaobaki kule chini ni wa rangi ya chungwa na wekundu. Majike wa kila aina huchagua dume kwa rangi anayoiona vizuri. Sasa pale maji yalipochafuka sana, kama Luanso, majike hawatofautishi tena, na zile aina mbili zimechanganyika. Ni kama disko lenye taa mbovu: unacheza na mtu saa nzima, ukitoka nje kwenye taa za barabarani ndipo unashtuka!

Mpenzi msomaji, usicheke sana. Kama samaki aliyezaliwa humo anapata shida ya kuona, wewe uliyeletwa na pikipiki kutoka Nyakato utaona nini?

MWANGA MPANA NI ADUI

Hili ndilo kosa namba moja madukani. Mnunuzi anawasha tochi ukutani, anaona inamwaga mwanga ukuta mzima, anasema "hii bomba!" Analipa, anaondoka.

Hebu kumbuka kama umewahi kupanda basi la alfajiri kupita Makambako wakati wa ukungu. Dereva mzoefu hawashi taa kubwa. Akiwasha, mbele panakuwa ukuta mweupe na barabara inapotea. Ukungu ni vitone vya maji, na kila kitone kinaurudisha mwanga machoni mwake. Ziwani ni hivyo hivyo, ila badala ya vitone kuna vijipande vya mwani na udongo. Ukiwasha tochi ya mwanga mpana, unavimulika vijipande vyote kwa pamoja na vyote vinakurudishia mwanga usoni. Tochi ina nguvu, lakini umepofuka.

Dawa yake ni tochi ya mwanga mwembamba, ule unaokwenda kama mkuki. Watengenezaji wazuri huandika upana wa mwanga kwa nyuzi. Tafuta ya kati ya nyuzi 6 na 10. Zile za nyuzi 100 na zaidi ni za wapiga video, na zinahitaji maji maangavu.

Rangi nayo ina maana. Mwanga mweupe unaovutia kwenye ubluu, ule wa taa za bei nafuu, hauna raha katika maji ya kijani na kahawia. Mwanga wenye umanjano kidogo unakusumbua macho kidogo. Na ushikaji una dawa yake: usiiweke tochi karibu na miwani yako. Nyoosha mkono, uipeleke pembeni, umulike kwa kuchepua. Mwanga unaorudi unakwenda zake pembeni, wewe unaona jiwe.

LUMENI ZA KWENYE BOKSI

Nguvu ya tochi hupimwa kwa lumeni. Kwa ziwa letu, tochi yenye lumeni za kweli 800 mpaka 1,500 na mwanga mwembamba inakutosha kabisa. Nasisitiza: za kweli. Maana ukizunguka mjini utakutana na vitochi vya ukubwa wa kidole vimeandikwa lumeni 50,000. Taa ya mbele ya gari la kawaida haifiki huko! Huo ni usanii.

Kuna njia ya haraka ya kumkamata msanii. Fungua, tazama betri. Tochi nyingi za kuzamia za siku hizi hutumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650, ndefu kidogo kuliko zile za redio ya kawaida. Betri halali ya aina hiyo ina uwezo wa kama mAh 3,500 hivi, na uzito wake ni kama gramu 45. Ukiona imeandikwa mAh 9,900, na ukiishika ni nyepesi kama imejazwa unga, rudisha. Mwenye duka atakuambia, "Broo, hii ni ya Dubai, orijino!" Mwambie asante, toka taratibu, usigombane na mtu.

Halafu uliza inawaka muda gani kwa nguvu kamili. Kama unakaa chini dakika 45, taka tochi inayodumu angalau saa moja na nusu. Betri huzeeka, na chaji ya nyumbani kwetu mnaijua wenyewe, umeme ukikatika saa mbili usiku unakwenda ziwani na nusu chaji. Ndiyo maana mimi napenda tochi ambayo betri inatoka, ili niwe na akiba kwenye mfuko mkavu. Wale mnaosafiri kwa ndege kutoka Dar, kumbukeni betri za akiba za lithiamu zinakaa kwenye begi la mkononi, siyo lile la kwenda tumboni mwa ndege.

MAJI HAYANA URAFIKI

Mshikaji wangu mmoja alinunua tochi duka fulani mjini, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haiingii maji. Tukaenda kwenye mawe, mimi na yeye, mwenye boti akatusubiri juu. Kufika mita 8, nikaona mwanga wake unacheza cheza kama taa ya baa, mara ukazima. Giza. Nilikuwa naye umbali wa mkono mmoja, lakini kama nisingekuwa na yangu, nisingejua ameelekea wapi. Nikamshika jaketi, nikamwonyesha dole gumba juu, tukapanda pole pole. Pale juu ya boti akaifungua ile tochi: maji yakamwagika kama kikombe cha chai. Kurudi dukani, muuzaji akamwambia, "Kwani wewe uliizamisha?"

Basi ndugu yangu, "haiingii maji" ni maneno ya kuvumilia mvua. Hata ile alama ya IPX8 haitoshi peke yake, kwa sababu kina chake hupangwa na mtengenezaji mwenyewe. Tafuta palipoandikwa mita. Kila unaposhuka mita 10, shinikizo linaongezeka kwa kiasi sawa na hewa yote iliyo juu ya usawa wa bahari. Tochi ya mita 100 kwa mzamiaji wa mita 20 siyo anasa, ni tahadhari.

Mlinzi wa tochi ni kile kipete cha mpira kinachokaa kwenye uzi wa kifuniko, mafundi wanakiita oringi. Nzuri zina viwili. Unywele mmoja au punje ya mchanga ikilala pale, maji yamepata mlango. Kifute kwa kitambaa safi, kipake grisi ya silikoni kidogo sana, iwe inang'aa tu. Usipake mafuta ya kula wala grisi ya gari, mpira utavimba.

Na kabla hujaiamini, ijaribu bila betri. Weka kipande cha tishu ndani, funga, ifunge kamba pamoja na jiwe, ishushe kutoka kwenye boti mpaka kina unachokusudia, iache nusu saa. Tishu ikitoka kavu, hiyo ni tochi. Ikitoka imelowa, umepoteza pesa lakini hujapoteza mtu.

Angalia pia swichi. Za kubonyeza huwaka zenyewe ndani ya begi, na taa za LED zenye nguvu zinapata joto kali zikiwaka nje ya maji, maana nyingi zinategemea maji kupoa. Swichi ya kuzungusha au ya sumaku yenye kufuli ni salama zaidi. Kamba ya mkononi iwepo. Tochi ikikuponyoka kwenye tope la ziwa hili, umeitoa sadaka.

MBILI SI MOJA

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuhubiriwa thamani ya mwanga majini. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Wengine wamelala Igoma mpaka leo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Uokoaji ulisimama usiku kwa sababu ya giza, ukaendelea kulipopambazuka. Na siku ya pili baada ya ajali, wazamiaji wakamtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya kivuko kile kilichopinduka, alikokuwa amepata sehemu yenye hewa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Sikuambii haya ili uende kuokoa watu na tochi ya starehe. Kazi ile ina wenyewe waliofundishwa. Nakuambia ili ujue giza la ziwa hili siyo la kutania. Kwa hiyo sheria ni hii: kila mzamiaji tochi mbili. Kubwa mkononi, ndogo imefungwa kwenye jaketi mahali unapoweza kuifikia kwa mkono wowote. Na ile ndogo siyo ya kuendeleza starehe. Kubwa ikizima, unawasha ndogo, unamwonyesha mwenzako, mnapanda. Mchezo umeisha siku hiyo.

Kama mfuko wako unatosha tochi moja ya bei mbaya tu, mimi nakushauri uiache, ununue mbili za wastani zenye sifa nilizozitaja. Tochi moja, hata iwe ya dhahabu, ikizima ni chuma.

LUGHA YA TOCHI

Chini ya maji huna mdomo, una mkono na mwanga. Wazamiaji duniani kote wanaelewana hivi: ukichora duara taratibu mbele ya mwenzako, maana yake poa, sina tatizo. Ukipeleka mwanga huku na huku kwa haraka, maana yake noma, nisaidie. Usimmulike mtu usoni, ni kama kumfokea mkwe. Kama unataka aone ishara ya mkono wako, mulika mkono wako mwenyewe. Na hapa unaona faida nyingine ya mwanga mwembamba: doa lake linaonekana hata kwenye maji ya chai, lile la mwanga mpana linapotea.

MAMBO AMBAYO TOCHI HAIYATATUI

Siku moja nilimwuliza mvuvi mmoja mtu mzima wa Kayenze, "Shikamoo mzee wangu. Tunataka kushuka pale kwenye mawe, unasemaje?" Akaitikia marahaba, akatutazama na mitungi yetu, akasema, "Wanangu, tatizo si kushuka. Nani ametega nyavu pale jana?"

Mzee alikuwa na akili kuliko vitabu vyetu. Nyavu za nailoni, zile timba, hazionekani hata kwa tochi nzuri mpaka zikushike. Kwa hiyo uliza wavuvi kabla, nenda na kisu kidogo au mkasi, na usizamie peke yako. Uliza pia habari za mamba na viboko, wenyeji wanajua wanakopita. Usiku wa giza ni wakati wa dagaa, boti ni nyingi, usiende kuibuka katikati ya kazi za watu. Ingilia kutoka kwenye boti badala ya majani ya ufukweni, maana konokono wa kichocho wanapenda kule. Hata hivyo kapime baadaye, dawa ipo. Saa Nane ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, usijizamie tu, anzia ofisini kwao.

Na wengi wanasahau hili: Mwanza tuko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hesabu za kuzamia ulizofundishwa Nungwi hazifanyi kazi hapa bila marekebisho. Kuanzia mita 300 tu unatakiwa kutumia majedwali ya mwinuko, au kompyuta ya mkononi iliyopangwa hivyo. Na baada ya kuzamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Shemeji yako Dar anaweza kungoja.

KAZI KWAKO

Ukienda dukani kesho, shika mambo haya: mwanga mwembamba, lumeni za kweli, betri nzito ya kutoa, kina kimeandikwa kwa mita, oringi mbili, swichi yenye kufuli, kamba ya mkono. Halafu nunua ya pili. Muuzaji akikuharakisha, jua ana sababu zake.

Na ukishuka, ukamkuta yule furu mwekundu kwenye jiwe lake, mmulike kidogo tu halafu umwache aendelee na uchumba wake. Amehangaika vya kutosha na giza letu.

Kwa leo tuishie hapa. Wikiendi njema, na tuonane wiki ijayo panapo majaaliwa.